Shangazi akiukataa ufeministi na binti ameshainuka: jinsi ya kukaa katikati

Mie kazi yangu ni hina na piko, hapa hapa Lamu, na kama hujawahi kuifanya basi jua kwamba mtu ukimshika mikono saa tatu hawezi kuondoka wala kushika simu, kwa hivyo yote yaliyomo kifuani yatatoka tu. Nishasikia talaka, nishasikia madeni, nishasikia siri nyengine nikatamani nisingezisikia. Lakini hii miaka miwili mitatu ugomvi unaonichafulia kazi kuliko wote ni wa ufeministi, haya mambo ya kudai haki za wanawake, tena si wa wanaume na wanawake, ni wanawake kwa wanawake. Mmoja asema yeye ni mfeministi, mwengine ajibu huo ufeministi hautaki hata bure, na hapo zinaruka cheche. Naandika ninavyofanya mimi ili kazi iishe na watu waagane vizuri, mwenye njia nyengine aongeze.

Siku iliyonifunza ilikuwa hina ya bibi harusi mmoja mtaa wa Langoni. Mkono wa kushoto nishamaliza, nimeingia kiganja cha kulia, lile ua kubwa la katikati, koni inateleza vizuri haikwami. Shangazi yao, mama wa heshima zake, akasema kwa sauti ya kusikiwa hadi darini, "Huu ufeministi wenu ndio uliovunja nyumba za watu. Mie mume wangu yuko juu yangu, nampikia, namfulia, na sijapungukiwa na kitu." Pale palikuwa na binti, mpwawe, yuko chuo Mombasa, kazi aliyopewa ni kukamua ndimu za ile ndimu na sukari ya kupaka juu ya hina ikikauka. Akaweka kisu chini polepole. Ukiona mtu aweka kisu polepole jua mambo yameharibika. "Shangazi, wewe ndio wa kusema hivyo? Wewe?" Sauti zikapanda, mmoja akalia, bibi harusi akanyoosha mkono kumvuta binti ami yake akae chini, na ua langu likaishia kwenye leso.

Sasa kilichonishangaza si ugomvi. Asubuhi yake ami yao mmoja alipita ukumbini akasema maneno hayo hayo, tena yake yalikuwa makali zaidi, ati mwanamke akisomeshwa sana hatawaliki, na yule yule binti alicheka akamwambia "haya ami, chai yako ile pale." Ami kapewa chai, shangazi kapewa moto.

Basi jambo la kwanza, usimwambie binti "mbona ami hukumjibu?" Utamwagia mafuta. Hilo si unafiki, ndivyo watu tulivyoumbwa. José Marques na wenziwe kule Ubelgiji waliandika mwaka 1988 kwamba mtu wa kundi lako akienda kinyume unamhukumu kwa ukali kuliko mtu wa nje aliyefanya jambo lile lile, na wakaliita kwa jina la kondoo mweusi. Ami hakuwahi kuhesabiwa upande wa binti kwa hivyo hawezi kumsaliti. Shangazi alihesabiwa, ndiye aliyemfunza kujifunga leso, ndiye aliyemfundisha kusema hapana, sasa yuko upande gani?

Badala yake jiulize kimoyomoyo shangazi kagusa wapi. Mie nimeona mahali patatu.

Pa kwanza ni ushahidi, na hapa ndipo panapouma zaidi. Mwanamume akisema mwanamke akae nyumbani, hiyo ni kauli ya mwenye faida, haina uzito, ni sawa na muuza samaki kukwambia samaki wake hajaoza. Mwanamke akisema, baraza zima limepata shahidi: "si mmemsikia, hata mwanamke mwenzenu asema." Hiyo "hata" ndiyo kisu. Binti hajibizani na shangazi peke yake, ajibizana na wanaume wote watakaolitumia neno la shangazi kesho, na anajua akizozana na ami ataonekana shujaa lakini akizozana na shangazi ataonekana hana adabu.

Mfano mkubwa uko Marekani. Mwaka 1972 bunge lao lilipitisha marekebisho ya katiba ya usawa wa wanaume na wanawake, yakahitaji majimbo 38 yakubali. Kila mtu aliona yatapita. Akatokea Phyllis Schlafly, mama wa watoto sita, akawakusanya akina mama wa nyumbani wakaenda kwa wabunge wa majimbo na mikate na jamu walizopika kwa mikono yao. Fikiria wewe kupeleka mofa moto ofisini kwa mheshimiwa umwambie usinipe haki nyengine, hizi zanitosha! Mpaka muda unaisha 1982 majimbo yalikuwa 35, na hayo yenyewe mengine yalishasema yamejitoa. Wanaume peke yao hawangeweza kuyazuia vile. Ndio maana wafeministi wa kule walimkasirikia kuliko mwanamume yeyote.

Na huyo huyo Schlafly anatuleta pa pili, ngazi. Aligombea ubunge mara mbili, akaandika vitabu, akazunguka nchi nzima akihutubia, na katikati ya vita hivyo, 1978, akachukua shahada ya sheria, huku akisema fahari ya mwanamke ni nyumba yake. Uingereza nako Gertrude Bell, yule aliyekata jangwa la Arabuni kwa ngamia, alikuwa kwenye chama cha wanawake waliopinga wanawake kupiga kura, kilichoanzishwa 1908. Mfeministi akiona hivyo aona mtu amepanda ngazi iliyoshikwa na wenzake, kafika juu, kisha aivuta. Shangazi wetu si Schlafly, lakini ana akaunti ya benki kwa jina lake, na 2022 Lamu Mashariki ilipomchagua Ruweida Obo kuwa mbunge alipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Binti alimkumbusha hilo siku ile. Hapo ndipo mtu alipoanza kulia, na aliyelia ni shangazi, si binti.

Pa tatu ni hofu na hapa nisikawie. Januari 2024 wanawake waliandamana Nairobi na miji mengine kwa ajili ya wanawake wanaouliwa. Binti kama huyu akaa chumba cha kupanga mjini, akirudi usiku huwa na mtu kwenye simu mpaka afunge mlango. Ukimwambia ufeministi ndio uliovunja nyumba, sikio lake lasikia "waliouliwa walijitakia". Shangazi hakusema hivyo, wala hawezi kusema. Lakini ndilo lililoingia sikioni, na huwezi kumsuluhisha mtu na neno lililosemwa ikiwa yeye amekasirikia neno alilolisikia, kwa hivyo umuulize kwanza kasikia nini.

Haya, geuka upande wa pili, na hapa wafeministi wengi wanakosea wallahi. Wanadhani mwanamke anayewapinga ni mjinga au katumwa. Shangazi si mjinga. Shangazi ana nyumba.

Huku kwetu, mji wa mawe hasa Mkomani, familia nyingi desturi yao binti akiolewa babake humpa nyumba, au hujengewa ghorofa juu ya ya mamake, na mume ndiye anayehamia. Talaka ikitoka mume ndiye anayebeba sanduku. Yule shangazi yuko ndani ya nyumba aliyopewa na babake, kwa hivyo anaposema mume yuko juu yangu na sijapungukiwa asema kweli tupu, mume yuko juu yake ndani ya nyumba ya mke! Utiifu wa mtu mwenye ufunguo wake mwenyewe si sawa na utiifu wa mtu asiye na pa kwenda. Lakini yeye halioni hilo kwa sababu amezaliwa nalo, kama samaki na maji.

Na binti je? Binti ni mtoto wa kaka yake shangazi. Mamake aliolewa kutoka nje, hakupewa nyumba na mtu, na walipoachana vitu vyao vilipakiwa kwenye punda wawili mpaka chumba cha kupanga Wiyoni. Mie niliwaona wakipita, cherahani iko juu ya punda wa nyuma, binti wakati ule ana kama miaka tisa kashika taa. Sasa weka hao wawili kwenye mkeka mmoja, mmoja kamjua mwanamume ndani ya nyumba yake, mwengine kaijua ile safari ya punda, kisha waambie wajadili ufeministi. Hawazungumzi kitu kimoja hata kidogo.

Kuna msomi wa Kituruki, Deniz Kandiyoti, aliandika 1988 kwamba wanawake ndani ya mfumo wa wanaume huingia mapatano: natii, nawe unilinde unilishe, nikiwa mzee mimi ndiye mwenye sauti kwa wake za wanangu. Aliyelipa sehemu yake yote ya mapatano miaka thelathini hafurahi kuambiwa mapatano yamefutwa. Si kwamba ayapenda, ashalipa! Ndio maana wanaopinga kwa nguvu mara nyingi si wasichana, ni wale waliokaribia kuvuna.

Tena kuna la kadhi. Shangazi anaogopa usawa ukija utamwondolea matumizi. Aliniambia mwenyewe, "nikiwa sawa naye si nitaanza kulipa umeme?" Msicheke, Schlafly naye alisema hayo hayo kule Marekani, kwamba mke atapoteza haki ya kulishwa. Kwa Muislamu mali ya mke ni yake na matumizi ni juu ya mume, na kwa kadhi mwanamke huenda kuidai. Susan Hirsch, Mmarekani aliyekaa akifuatilia kesi za makadhi Mombasa na Malindi, alionyesha kwamba wanaopeleka kesi wengi ni wanawake na mara nyingi wanashinda. Katiba ya 2010 nayo kifungu cha 45 chasema mume na mke haki sawa, na cha 24 kikaacha nafasi kwa sheria ya Kiislamu mbele ya kadhi katika ndoa, talaka na mirathi. Kwa hivyo umeme bado ni wa mume, shangazi alale. Nilipomwambia hivyo alitulia kuliko angesomewa hotuba nzima ya haki za binadamu.

Haya sasa ufanyeje.

Kama yuko mwanamume anayechochea, mtoe. Sisemi umfukuze, mtume soda, mwambie tanki la maji lamwagika, lolote. Maana binti hatalegeza neno mbele ya yule atakayelifanya ushahidi na shangazi hatarudi nyuma mbele ya anayempigia makofi. Siku ile ami alikuwa kasimama mlangoni anatabasamu. Na simu inayorekodi ni mwanamume pia, izime.

Kisha toa jina, leta kitu. Neno "ufeministi" likitajwa kila mmoja aona picha yake, shangazi aona Mzungu mwenye kaptura anayemwambia avue buibui na semina ya hoteli yenye posho, binti aona mamake na punda. Hapo usifafanue neno, hutaweza, wamesoma watu mpaka shahada tatu na hawajakubaliana. Uliza kitu. Mie nilimuuliza shangazi, huku nimeshika ule mkono uliochafuka, "Shangazi, kaka yako alivyomtoa yule bibi na cherahani yake, ilikuwa sawa?" Akakaa kimya. Akasema, "Haikuwa sawa. Mie ndiye niliyempelekea chakula miezi minne na kaka yangu hakujua." Binti hakuwa akijua hilo! Alidhani vile vyakula ni vya jirani. Nikamgeukia binti, "Na wewe wataka shangazi yako apoteze kitu gani?" Akasema, "Sitaki apoteze chochote, nataka mamangu naye angekuwa nacho." Sikuwaambia wapeane mikono, sikusema chochote, nilirudi kwenye ua langu.

Usitegemee kila mara patatoka siri nzuri namna hii. Mara nyengine unauliza na mtu ajibu kweli ilikuwa sawa alikuwa na mdomo, na hapo umejua tu nani ni nani, nayo ni faida.

Kama wewe ndiye binti, sikiza mwanangu. Usimwambie mwanamke mwenzako katumwa na wanaume au kapumbazwa akili. Umemnyima akili ile ile unayoidai. Na hasira yako ni chakula chake. Mwaka 1973 Betty Friedan, mfeministi mkubwa wa Marekani, alikuwa kwenye mdahalo na Schlafly akapandwa na hasira akamwambia angependa kumchoma moto akiwa amefungwa kwenye nguzo. Schlafly hakutikisika hata ukucha, akajibu kwa utulivu kwamba afurahi amesema hivyo, watu waone. Nani alishinda usiku ule hata kama hukubaliani naye? Mimi simpendi Schlafly lakini nasema ukweli. Anza na shikamoo, tena shikamoo ya kweli si ya meno, kisha sema "shangazi hapo mie naumia kwa sababu hii". Mtu mzima wa kwetu akiambiwa umeniumiza huwa hana jibu, akiambiwa umekosea ana majibu arubaini.

Kama wewe ndiye shangazi, na najua mashangazi mnasoma, neno la kuepuka ni "utakosa mume". Hilo si hoja, ni laana. Na ukiwa utasema huutaki ufeministi, sema wewe huutaki, usiseme wanawake hatuutaki. Hapo kwenye "hatu" ndipo unapomfanya binti shahidi wako bila ruhusa yake. Nimeona ugomvi ukizimika kwa herufi hizo nne tu. Na kama shida yako ni kwamba ni wa Kizungu, wako Waislamu walioanzisha wao harakati yao Kuala Lumpur 2009, ikaitwa Musawah, Kiarabu cha usawa, mzizi ule ule wa hii "sawa" tunayoitikia kutwa. Uwapende usiwapende, lakini Wazungu si wao.

Jambo jengine, wasileteane wafu. Huku kila mtu ana wafu wake. Shangazi atamleta Mwana Kupona, ule utendi wake wa mwaka 1858 hivi wa kumuusia bintiye namna ya kuishi na mume, na binti atajibu kwamba mtunzi mwenyewe alikuwa mwanamke msomi, mkewe Bwana Mataka wa Siyu, na maneno yake yasomwa mpaka leo huku ya wanaume wangapi wa zama zake yamesahaulika. Nikienda Malindi kwa kazi huko nako ni Mekatilili wa Menza, yule wa sanamu, aliyewaamsha Wagiriama 1913 dhidi ya Waingereza kwa ngoma ya kifudu. Binti asema mwanamke aliongoza vita, bibi asema alikuwa akilinda mila za kaya, vile vijiji vitakatifu vya Wagiriama, wala si kuzivunja. Wote wawili wako sahihi na ndio maana haiishi! Ukisikia jina la marehemu latajwa, leta kahawa.

Halafu jua pa kuacha. Mfeministi na mpinzani wake wakiwa wamekasirika lakini bado waitana shangazi na mwanangu, waache, huo ni mjadala, na mijadala ya wanawake ndani ya nyumba zetu haikuanza jana. Likitoka jina la tendo, yaani mmoja aanza kutaja mambo ya chumbani ya mwenziwe, hapo funga kazi, sema hina yahitaji kimya ikauke, ni uongo lakini Mungu anajua.

La mwisho ni la kazi. Hina ikichafuka wakati wa fujo usiipanguse kwa maji, itasambaa, na usingoje, maana hina iliyokolea huishika ngozi muda si muda. Chukua kijiti kikavu ukwangue pale pale, kisha ulipogusa pageuze jani, anza na mshipa wa katikati uvute kuelekea kidole. Siku ile jani lilitoka kubwa kuliko ua na bibi harusi hakulipenda, katika picha zote mkono wa kulia kaufunika kwa mkoba. Mkoba wenyewe kaazima kwa shangazi.